Usiniambie Jina Langu Gumu

"Samahani, sitaki kuliharibu jina lako."

Sentensi hii nimeambiwa benki, nimeambiwa kliniki, nimeambiwa kwenye usaili wa kazi na kwenye foleni ya leseni ya udereva. Huja na tabasamu. Mwenye kuisema huinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekupisha kwenye kiti cha daladala, na anategemea ushukuru. Nami nilikuwa nikishukuru. Nilicheka, nikasema usijali, nikatoa kifupi. Kwa miaka mitatu niliwaambia Wakanada waniite Mwana. Hebu fikiri. Mtu mzima, ana shahada moja mkononi na ya pili iko njiani, anaomba aitwe mtoto.

Naitwa Mwanaidi. Nilizaliwa Tanga asubuhi ya Idi, na bibi yangu hakuona sababu ya kuhangaika zaidi. Ni silabi nne. Hakuna herufi iliyojificha wala inayosomwa tofauti na ilivyoandikwa. Kati ya majina yote yanayopigwa muhuri kwenye pasipoti na kuvushwa bahari, langu liko upande wa mepesi.

Nataka kubishana na ile sentensi, na shahidi nitakayemwita ni mtu ambaye huenda hujawahi kumfikiria: mtangazaji wa uwanjani wa hoki ya barafuni. Simaanishi yule wa redio au televisheni anayekimbizana na mchezo kwa maneno. Yule anaongea na walio mbali. Huyu ninayemsema anaongea na waliomo ndani ya jengo, kupitia spika za darini, na anaongea machache: nani anaanza, nani kafunga na nani kampa pasi, nani kaadhibiwa na kwa kosa gani, na kwamba imebaki dakika moja. Ukiondoa matangazo ya biashara, kazi yake karibu yote ni kusoma majina ya watu mbele ya watu.

Nilimjua mmoja. Nilifika Ontario mwaka 2016 kusoma, kwenye mji ambao sitautaja, mji wa baridi wenye jengo moja kubwa la michezo, na ndani ya jengo hilo timu ya hoki ya kulipwa ya daraja la chini, ile ngazi ambayo wachezaji wake bado wanalala na simu pembeni wakisubiri kuitwa NHL. Sikuwa na mpango wowote na hoki. Nilikuwa na mpango wa kulipa kodi ya chumba. Msimu wa kwanza niliuza bisi kwenye korido. Msimu wa pili nikahamishiwa chini kabisa, kwenye meza iliyo kando ya barafu, kati ya vibanda viwili vya adhabu, wanakokaa mtunza saa, mwandishi rasmi wa mabao na mtangazaji. Kazi yangu ilikuwa kubeba karatasi kutoka mkono mmoja hadi mwingine na kunyamaza.

Kwa asiyeujua mchezo: watu sita kila upande, kipa akiwemo, viatu vyenye ukingo wa chuma, magongo, na kisahani cheusi cha mpira mgumu badala ya tufe. Vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni ya kukuchosha macho. Bao hufungwa katikati ya rundo la miguu na nusu ya jengo haijui limefungwa na nani, mara nyingine hata mfungaji mwenyewe hana hakika. Watu hupiga kelele kwanza, kisha hutulia kidogo wakisubiri sauti ya darini iwaambie walichokiona.

Mzee wetu, nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwita moyoni, mchana aliuza bima. Watu wengi wa kazi hii wana kazi nyingine mchana. Hata huko juu, NHL, timu imekuwa na mechi 41 za nyumbani kwa msimu kwa miaka mingi, na huwezi kulea familia kwa mishahara ya jioni 41. Kwa hiyo usije ukadhani namsifia mtu aliyelipwa vizuri kufanya uangalifu. Alilipwa kwa mechi, na alilipwa kidogo.

Alikuwa anafika saa mbili kabla ya mchezo. Anachukua orodha ya wageni, anapitia kwa kalamu, anazungushia duara kila jina asilolijua. Halafu anatembea. Huu ndio mwendo ambao nataka uukumbuke: mzee wa zaidi ya miaka 60, goti moja bovu, anashuka korido ndefu yenye harufu ya jasho na mipira ya sakafuni hadi kwenye chumba cha wageni, kumtafuta mtangazaji wa redio wa timu ile au mtunza vifaa wao, amwulize. Wasipojua, anamwita mchezaji mwenyewe mlangoni.

Nilikuwepo siku alipomwita mlinzi mmoja kijana kutoka Slovakia. Kijana akasema, vyovyote tu, watu hapa hulisema wanavyotaka. Mzee akamwambia, "Sijakuuliza watu wanalisemaje. Mama yako akikuita kutoka jikoni, anasemaje?" Kijana akacheka, akaona haya, akalisema. Mzee akarudia. Kijana akatikisa kichwa, akalisema tena polepole. Mara ya nne wakaelewana. Mzee akaandika kwenye kadi yake kwa tahajia yake ya kienyeji, herufi ambazo hakuna mwanaisimu angezitambua, akaiweka mfuko wa shati.

Usiku ule yule kijana hakufunga, hakutoa pasi. Alicheza dakika chache, akamtega mwenzake mguu kwa gongo, akapewa dakika mbili za adhabu. Jina lake lilisikika mara moja tu, na lilisikika kwa kosa. Lilisomwa kama mama yake anavyolisema. Nilikuwa naye mita mbili, kioo katikati yetu. Aliinua macho juu kwenye spika, kisha akatazama meza yetu. Basi. Baada ya dakika mbili mlango ukafunguliwa akarudi barafuni.

Nilipoanza kuufuatilia mchezo huu ndipo nilipogundua kwamba mzee wangu hakuwa na ajabu yoyote. Ndivyo kazi ilivyo. Hoki ya Amerika Kaskazini imejaa Wafini, Wacheki, Warusi, Waswidi, Walatvia, na mashabiki wa huko, ambao wengi wao hawajui lugha yoyote zaidi ya Kiingereza au Kifaransa, wanajua bila kufundishwa darasani kwamba J ya Jaromír Jágr husomwa kama Y. Mwulize fundi bomba yeyote wa Pittsburgh. Miroslav Šatan, mshambuliaji wa Slovakia, alichezea Buffalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgongoni mwa jezi lilisomeka jina ambalo kwa Kiingereza ni la Ibilisi mwenyewe. Kinachomtenga na Ibilisi ni kialama kidogo juu ya S kinachoifanya iwe "sh". Mtangazaji alilazimika kukijua. Hakusema, samahani, sitaki kuliharibu. Angesema hivyo asingekuwa na kazi Jumatatu.

Na usinijibu kwamba hao ni Wazungu wenzao. Nimelifikiria hilo, na lina ukweli wake mchungu, lakini Jarome Iginla je? Mzaliwa wa Kanada, baba yake Mnigeria, na katikati ya majina yake yupo Adekunle. Iginla ni Kiyoruba, mti mkubwa. Kwa misimu 20 ya NHL jina hilo limetangazwa katika kila jengo la ligi, mabao 625, kwenye miji ambayo hakuna aliyewahi kukutana na Myoruba. Mwaka 2010, kwenye fainali ya Olimpiki ya Vancouver, Sidney Crosby alilipigia kelele kwa kifupi chake akiomba pasi ya bao la dhahabu, na akapewa. Ulimi wa Kizungu haujapasuka. Jina la Kiafrika likiwa na faida kwao, hutamkika.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ugumu wa jina hauko kwenye jina. Uko kwenye hesabu anayoifanya mtu kabla ya kufungua mdomo: je, huyu anastahili nitembee ile korido?

Juni 2019 nilihitimu. Mahafali ya chuo yalifanyika kwenye jengo lilelile la hoki, kwa sababu mji haukuwa na ukumbi mwingine wa kutosha. Barafu ilikuwa imeyeyushwa, zulia limetandikwa juu ya saruji, viti vimepangwa pale pale kisahani kilipokuwa kikidondoshwa kuanza mchezo. Spika zilikuwa zilezile. Nilijua hata ile moja ya upande wa kaskazini inayokoroma.

Tulikuwa tumepewa kadi tuandike jina, na chini yake namna linavyotamkwa. Niliandika kwa herufi kubwa, nikaligawa silabi kwa silabi kwa tahajia ya Kiingereza, nikaweka mstari chini ya silabi inayobeba mkazo. Nilikuwa nimefundwa na bingwa. Nilipofika jukwaani nikamkabidhi kadi mkuu wa kitivo aliyekuwa akisoma. Akaitazama kwa muda usiofika sekunde mbili, akavuta pumzi kwenye kipaza sauti, akasema, "Aaa, hili nitaliharibu," na jengo likacheka. Kicheko cha upole, sikatai. Kisha akatoa sauti fulani iliyoanza na M na kuishia hewani. Jina la baba yangu hakulijaribu kabisa. Nikapewa mkono, nikashuka.

Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa sebuleni na shangazi na majirani wawili, simu imeegeshwa kwenye chupa ya chai, wanatazama mubashara. Kamera ilikuwa mbali, watu mamia, wote majoho meusi. Mama haoni vizuri mbali, basi alikuwa anasikiliza. Alisikiliza majina yote hadi wimbo wa mwisho. Halafu akanipigia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza akiwa amefunika simu kwa kiganja ili waliopo wasisikie:

"Mwanangu, mbona hawajakuita? Una deni la ada?"

Nimewahi kusimulia kisa hiki kwa marafiki zangu wa Kanada, na wengi wao hunyamaza, halafu mmoja hujaribu kumtetea msomaji. Majina yalikuwa mengi mno, masikini. Sawa, tuhesabu. Timu ya NHL huvalisha wachezaji 20 kwa mechi. Ligi ina timu 32, na kwa ratiba ya miaka hii kila timu hupita kwenye kila uwanja angalau mara moja kwa msimu. Wageni 31 mara wachezaji 20 ni majina 620, kabla hujawaweka walioitwa ghafla kutoka ligi ya chini kwa sababu mtu kavunjika mkono. Darasa letu halikufika hapo. Na mtangazaji wa hoki hapewi kadi zenye matamshi mkononi kwa mstari, mtu mmoja mmoja, kila mmoja akisimama mbele yake. Yeye huambiwa jina ghafla, kwenye kelele, refa ametelezea mezani anahema, na anatakiwa kulisema papo hapo mbele ya maelfu ambao watamzomea akikosea.

Wengine husema nadai lafudhi. Sidai. Mzee wangu hakuweza kutamka ile r ya Kicheki inayoungurumia meno. Alijaribu kwenye gari lake miezi mitatu, akakubali kushindwa, akawa anatoa kitu cha jirani. Wacheki walimwelewa. Mtu anayejaribu husikika kwamba anajaribu, hata jina likitoka limechubuka. Anayetangaza mapema kwamba ataharibu, halafu akaharibu, ameomba msamaha wa kosa ambalo bado alikuwa na uwezo wa kutolifanya.

Wiki moja baadaye nililalamika kwa maandishi. Nikajibiwa barua pepe ya mistari mitatu, wanasikitika kwa usumbufu. Niliisoma nikiwa na kitabu cha kanuni za NHL kwenye kompyuta, maana nilikuwa nimeshakuwa mtu wa namna hiyo. Kanuni ile inasema bao na pasi zake zitangazwe kwenye spika za uwanja, na yakitokea mabadiliko yoyote, nayo yatangazwe kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nimeiona ikifanya kazi mara nyingi. Mwandishi rasmi anatazama marudio, anagundua kisahani kiligusa gongo la mwingine, ananipa karatasi, nampa mzee. Mchezo unaendelea, watu wameshasahau, na mzee anawasha kipaza: masahihisho, bao lile la Kanada Fulani sasa ni la Fulani mwingine. Anayenyang'anywa bao anasikia. Anayepewa anasikia. Kosa lililofanywa mbele ya watu halisahihishwi kwenye barua pepe.

Hapa naomba nikae kidogo na Paul Morris, kwa sababu vijana wenzangu wanapofikiria kazi ya kipaza sauti wanafikiria kelele.

Morris alitangaza mechi za Toronto Maple Leafs ndani ya Maple Leaf Gardens kuanzia 1961 hadi timu ilipolihama jengo hilo Februari 1999. Miaka 38. Alikuwa mtu wa mitambo ya sauti ya jengo, na alisoma majina kana kwamba anasoma mita ya umeme. Sauti bapa, kavu, haipandi. Toronto ikifunga, sauti ile. Adui akifunga, sauti ileile. Waliokua na mchezo huo bado huiigiza sauti yake wakitaka kuchekeshana, na ukiwasikiliza unagundua kwamba wanaiigiza kwa mapenzi. Mtu yule hakuwa akiuza chochote. Alikuwa akikuambia nani kafunga.

Kwenye jengo hilohilo, mwaka 1976, kulikuwa na mashindano ya Canada Cup. Börje Salming, Mswidi aliyekuwa akichezea Toronto tangu 1973, aliingia na jezi ya nchi yake. Wachezaji wakawa wanatambulishwa mmoja mmoja. Jina lake liliposomwa, watu wa Toronto walisimama wakampigia makofi marefu, yeye akiwa upande wa wageni. Hakuwa amefanya chochote bado usiku ule. Alikuwa amesimama tu kwenye mstari, na jina limesomwa.

Detroit walikuwa na Budd Lynch. Alipoteza mkono wake wa kulia vitani Normandy mwaka 1944, akawa sauti ya hoki redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, na kuanzia miaka ya 1980 akashika kipaza cha uwanjani hadi alipofariki 2012 akiwa na miaka 95. Fikiria kwamba ni yeye, mwanajeshi wa zamani wa Magharibi, aliyekuwa kwenye kipaza usiku baada ya usiku katikati ya miaka ya 1990, Detroit ilipopanga Warusi watano pamoja: Fedorov, Larionov, Fetisov, Konstantinov, Kozlov. Watu waliokuzwa na hoki ya Kisovieti, kwenye mji wa viwanda wa Marekani. Na Philadelphia yupo Lou Nolan, aliyeshika kipaza mwaka 1972 na kukikalia zaidi ya miaka 50.

Nawataja hawa kwa sababu ufundi wao unapotea, na naona unapotea kwetu haraka zaidi. Viwanja vipya vina skrini kubwa kama ghorofa inayowaamrisha watu wapige kelele. Honi inalia, taa zinazunguka, muziki unapasua masikio, na jina la mfungaji linavutwa hadi linakosa herufi zake. Ni mahanjumati ya sauti. Ukitoka hapo hukumbuki jina, unakumbuka mtetemo kifuani.

Nyumbani tumeshayapita hayo. MC wa Dar es Salaam leo halipwi kusoma majina, analipwa kuchangamsha. Nimehudhuria mahafali ya kidato cha sita ambako MC alipofika kwenye jina la mtoto wa Kihindi alilisoma kwa kuigiza filamu, ukumbi ukaangua kicheko, mtoto akapokea cheti chake akitazama viatu. Jina la Kimakonde likageuzwa utani. La Kihaya likavutwa kwa madaha. Nimekaa kwenye benchi la hospitali moja ya wilaya nikamsikia karani akiita, "Huyu mwenye jina refu hili, wa kutoka huko kwenu, njoo," na mzee wa watu akainuka kwa unyonge, kwa sababu alikuwa amezoea kwamba ndiye. Hao wote ni Watanzania kwa Watanzania. Hapakuwa na Mzungu wa kumlaumu. Tunapokasirika Toronto halafu tukacheka Temeke, mimi sielewi tunalinda nini.

Siku hizi baadhi ya vyuo vya Marekani vimeanza kuwapa sauti ya mashine kazi ya kusoma majina ya wahitimu. Unaskani kadi, kompyuta inakutaja, unapita. Wanasema itapunguza makosa na huenda ni kweli. Lakini mashine haioni haya ikikosea, na hakuna wa kumfuata korido. Ningemchagua yule mkuu wa kitivo tena, kwa sharti kwamba arudi kwenye kipaza.

Sasa lazima niseme na langu, maana nimesema ya wengi.

Mwaka juzi jumuiya yetu hapa, Wakongomani, Warundi, Wakenya na sisi, iliandaa shughuli ya watoto waliomaliza sekondari. Ukumbi wa chini ya kanisa, pilau na sambusa, watoto 34. Wakaniomba niwe MC. Nikasema sawa, ila sitachekesha. Nikachukua orodha, nikazungushia duara, nikapiga simu kwa wazazi jioni tatu mfululizo. "Samahani mama, nataka kulisikia jina la mtoto kutoka kwako." Wengine walidhani ni matapeli. Baba mmoja wa Bukavu alinisomesha jina la binti yake kwa dakika kumi na akanieleza na aliyerithiwa.

Lakini sikupiga simu zote. Yako majina niliyoyaruka kwa sababu yalionekana ya Kibantu, yanasomeka, mimi Mswahili bwana, nitashindwaje. Moja lilikuwa la binti wa Kirundi, jina fupi kabisa, lina b na w zimekaa pamoja. Nikalisoma kama tunavyosoma bwana na bweni. Binti akapita, akapokea zawadi, akarudi kukaa. Makofi. Nikaendelea.

Majina manne mbele nikamwona mama yake kwenye meza ya nyuma. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamnong'oneza jirani yake lile jina, akilirekebisha taratibu, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka. Nikaweka karatasi chini. Nikatoka nyuma ya meza, nikatembea hadi kwake, ukumbi mzima ukinitazama, nikamwomba anisamehe na anifundishe. Akaniambia kwao b na w zikikutana, katikati hupita sauti kama ya g. Nikajaribu.

"Si hivyo, dada."

Nikajaribu tena. Akacheka, akanishika mkono, akalisema polepole karibu na sikio langu. Mara ya tatu akaitikia kwa kichwa.

Nikarudi kwenye kipaza sauti. Nikasema, masahihisho, na nikalitaja jina la binti, na la baba yake, na la mama yake. Watoto wa meza ya mbele wakaanza kupiga makofi upya. Binti akamtazama mama yake, mama akamsukuma begani, naye akainuka, akafunga koti lake vizuri, akapita tena.